Safari ya mzamiaji: Mitungi huachwa, saa za kusubiri haziachwi

Katika kurasa hizi za familia tumezoea kuzungumzia safari ambazo kila nyumba inazijua: ya Hija na Umra, ya mwanafunzi anayekwenda kusoma ng'ambo, ya bibi harusi anayehamia mji wa mumewe. Wiki hii tumeona tuizungumzie safari ambayo nyumba nyingi za pwani sasa zinayo lakini bado hazijaizoea, nayo ni safari ya mzamiaji. Vijana wetu wa Nungwi, Matemwe, Paje, Kilindoni, Diani na Watamu wamekuwa waongozaji wa wazamiaji, na baadhi yao ni walimu kamili. Leo huitwa kazini Pemba, msimu ujao Mafia, mwaka mwingine Misri au Oman. Mama huuona mfuko mkubwa mlangoni, umejaa mipira, mikanda na vyuma, asijue kilichomo wala asijue kwamba uhai wa mwanawe umefungwa humo. Baba hujua tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi, akadhani hilo linatosha.

Halitoshi. Lipo jambo moja katika safari hii ambalo jamaa wa nyumbani wasipolijua wanaweza kumdhuru mpendwa wao kwa nia njema kabisa. Tutalifikia. Kwanza tuufungue mfuko wenyewe.

Mitungi ubavuni

Mzamiaji wa kawaida hubeba mtungi mmoja wa hewa mgongoni. Wapo wanaobeba miwili, mmoja kila ubavu, ikilala sambamba na mwili kutoka kwapani hadi nyongani. Wenyewe huuita mtindo huo saidimaunti. Sisi tutasema mitungi ubavuni. Haukubuniwa kwa ajili ya bahari. Ulianza Uingereza katika miaka ya 1960, kwa wachunguzi wa mapango waliozikuta njia zao zimezibwa na maji mahali ambapo mtu hapiti ila kwa kutambaa. Mtungi wa mgongoni ungekwama kwenye dari la mwamba, hivyo wakauhamishia kiunoni. Wazamiaji wa mapango ya Florida wakauendeleza, na katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Dive Rite ya huko ikauza mikanda iliyoshonwa kwa kazi hiyo, badala ya kila mtu kujishonea ya kwake. Katika rasi ya Yukatani nchini Mexico, yenye visima vya chokaa na mito ipitayo chini ya ardhi, mtindo ukashika mizizi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mashirika makubwa ya mafunzo yalianza kuwafundisha hata wasiokusudia kuingia pangoni, na kwa njia hiyo ukafika kwenye miamba ya matumbawe.

Mtu asiyetambaa pangoni aupendee nini? Kwanza, kila mtungi una vali yake, regyuleta yake na geji yake ya presha, na vali zote mbili ziko chini ya kwapa, mbele ya macho, mkono unazifikia. Upande mmoja ukiharibika mzamiaji huufunga, akaendelea kupumua kwa upande wa pili hadi juu. Pili, mwenye maumivu ya kiuno anaweza kushuka majini mikono mitupu akapachikiwa mitungi humo humo, badala ya kuibeba juu ya sitaha inayoyumba. La tatu ndilo lililotuleta hapa. Mitungi miwili ya mgongoni huunganishwa kwa vyuma maalumu ambavyo vituo vingi havina, lakini mitungi ya ubavuni ni ile ile ya kawaida inayopatikana katika kila kituo, kuanzia Mnemba hadi Bahari ya Shamu. Mwenye mtindo huu husafiri bila mtungi.

Mizani ya kilo 15

Tupige hesabu. Mtungi mmoja wa alumini wa lita 11, ambao ndio umeenea zaidi, ukiwa mtupu hukaribia kilo 15. Miwili ni kilo 30. Ndege ndogo zinazokwenda Pemba na Mafia kwa kawaida humruhusu abiria kilo 15 tu, tena katika mfuko laini unaoweza kubonyezwa ukaingia tumboni mwa ndege. Hata ndege kubwa, zenye kawaida ya kilo 23 kwa begi, hazimfai anayetaka kusafiri na mitungi. Na mtungi wenye hewa iliyogandamizwa haupakiwi kabisa. Mashirika yanayokubali mtungi huutaka mtupu, vali imefunguliwa na kutolewa, ili mkaguzi achungulie ndani kwa macho yake.

Ukishauacha mtungi, kinachobaki ni chepesi. Mikanda ya mwili pamoja na kifuko chake cha hewa cha kumwelesha mzamiaji ni kilo tatu au nne. Regyuleta mbili na mipira yake hukaribia kilo tatu. Mapezi ni kilo mbili na ushei. Vazi la mpira la milimita tatu linatosha katika maji ya pwani yetu, ambayo joto lake ni kama nyuzi 25 hadi 29, nalo halifiki kilo mbili likiwa kavu. Ongeza miwani, tochi, kompyuta ya mkononi, kamba na kulabu, utafika kilo 12 au 13. Nafasi iliyobaki ni ya kanzu, msuli na msala mwepesi.

Uzito wa kuzamia usiubebe. Unapatikana kila kituo. Tena tunatoa tahadhari inayowahusu wanaozungumza lugha yetu peke yao: vipande hivyo ni vya madini ya risasi, na anayemjibu mkaguzi wa uwanja wa ndege kwamba mfukoni mwake mna risasi kilo nne ajiandae kwa mazungumzo marefu.

Kanuni yetu ya kufunga mfuko ni hii: kile unachopumulia kisiachane na mkono wako. Regyuleta, kompyuta na miwani ziwe katika mkoba wa kuingia nao ndani ya ndege. Begi likipotea, mapezi na vazi utaazima kituoni, hata kama vazi litabana. Lakini regyuleta za ubavuni zina mipira ya urefu wake. Ule wa upande wa kulia aghalabu ni mrefu wa mita mbili hivi, ili mwenzako akiishiwa hewa umpe kipumulio muende pamoja. Wa kushoto ni mfupi, na kipumulio chake huning'inia shingoni kwa kamba ya mpira. Geji zina mipira mifupi inayoelekea juu ili zisomwe bila kupapasa. Ukishapoteza mpangilio huo hutaupata kwa kuazima, na kwenda kuujaribisha mpangilio mgeni kina cha mita 25 siku ya kwanza ni ujasiri usio na faida.

Kisu na mkasi wa kukatia nyuzi viwekwe kwenye begi la kupakiwa. Betri za akiba za lithiamu ni kinyume chake: haziruhusiwi kwenye begi la kupakiwa, bali huingia nawe ndani, kila moja imefunikwa ncha zake zisigusane. Zisizozidi wati-saa 100 hupita bila taabu. Kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege, na haziwi zaidi ya mbili. Tochi kubwa ya kuzamia itolewe betri kabla ya safari, kwa kuwa ikiwaka yenyewe ndani ya begi huchemka kwa sababu haina maji ya kuipoza. Risiti za vifaa ziwe karibu kwa ajili ya watu wa forodha.

Wazamiaji wa lulu wa Ghuba, ambao baadhi ya wasomaji wetu wa Muscat na Sur wamesikia habari zao kwa wazee, walisafiri kwa miezi wakiwa na zana zilizoenea kwenye kifuko kimoja: kibanio cha pua, vifuniko vya ngozi vya vidole na kikapu cha wavu. Jiwe zito la kumshusha mtu lilikaa chomboni. Hekima ya kuacha kizito kule kwenye kazi na kubeba kilicho chako si ngeni katika bahari hii.

Swali la kuuliza kabla ya kukata tiketi

Kuacha mtungi nyumbani kunamfanya msafiri ategemee mtungi wa mwingine, na hapo ndipo uangalifu unapohitajika zaidi kuliko kwenye mizani. Aandike mapema kwa kituo anachokwenda. Aulize kama watampa mitungi miwili kwa kila mzamio, kwa bei gani, na kama mashua ina nafasi, maana mtu mmoja atachukua nafasi ya wawili. Aulize mitungi ni ya alumini au ya chuma. Wa alumini kadiri hewa inavyoisha huwa mwepesi hata kitako chake kikainuka kama mkia wa bata, na mzamiaji hulazimika kuhamisha kulabu mbele kwenye mikanda. Wa chuma hauna tabia hiyo. Aulize vali ni za kubana kwa nje au za kuskurubu kwa ndani, kwa sababu regyuleta ya namna moja haikai kwenye vali ya namna nyingine bila kipande cha kuunganishia, na kipande hicho ni kidogo kuliko yai ilhali bila yeye safari nzima ni bure. Mishipi miwili ya kubana mtungi na kulabu zake aende nazo mwenyewe. Hazizidi kilo moja.

Akifika, autazame mtungi kama anayekabidhiwa amana, na amana hapa ni ya pande mbili: mtungi ni mali ya mwenye kituo, na hewa iliyomo ni maisha ya mpokeaji. Katika nchi nyingi mtungi hupimwa kwa presha kila miaka mitano na kuchunguzwa ndani kila mwaka, na tarehe hugongwa shingoni au kubandikwa ubavuni. Afungue vali kidogo anuse. Hewa safi haina harufu. Ikinuka mafuta au moshi, mashine ya kujazia ina kasoro, au mdomo wake wa kuvutia hewa umeelekea ekzosi ya jenereta. Gesi yenye sumu inayotoka katika moshi haina harufu yenyewe, ila mara nyingi huja na wenziwe wanaonuka. Mtungi wa namna hiyo urudishwe bila kuona haya, hata kama wenzako wamekwisha kaa mashuani wanakungoja.

Si jini

Sasa tuje kwenye jambo tuliloliahidi.

Pwani yetu inawajua vijana waliokwenda kuzamia majongoo kwa mitungi wakarudi na miguu isiyosimama. Jioni kijana alilalamika maumivu ya mabega na magoti, usiku miguu ikafa ganzi, asubuhi hawezi kukojoa. Majirani wakasema amepigwa na jini wa bahari. Akasomewa, akafukizwa, siku zikapita. Hatukanushi kuwepo kwa majini, nayo ni sehemu ya imani yetu. Tunasema kwamba maradhi haya yana sababu iliyo wazi, na kuchelewa kuitambua kumewagharimu watu miguu yao.

Sababu ni hewa. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, ambayo mwili hauitumii. Chini ya maji, kila mita kumi huongeza uzito mwingine sawa na ule wa anga yote tunayoishi ndani yake, hata kwa mita 30 mwili hubanwa mara nne ya ilivyo juu. Kwa mbano huo naitrojeni huyeyuka ndani ya damu na nyama, kama gesi inavyoyeyuka ndani ya soda kiwandani. Mzamiaji akipanda polepole, akasimama njiani kama alivyofundishwa, gesi hutoka kwa pumzi taratibu. Akipanda kwa haraka ni kama chupa ya soda iliyotikiswa ikafunguliwa: mapovu hutokea ndani ya mishipa, kwenye viungo, na mara nyingine kwenye uti wa mgongo.

Wengi wa wazamiaji waliofunzwa wanayajua hayo. Kinachosahaulika, hasa na jamaa zao, ni kwamba mtu aliyefika juu salama bado hajamaliza kupanda. Naitrojeni inaendelea kumtoka kwa saa nyingi akiwa anakula, analala, anasali. Na ndege ni kupanda kwingine. Hewa ya ndani ya ndege kubwa, ijapokuwa imegandamizwa, inaweza kuwa sawa na ya mlima wa mita 2,400. Anayeingia humo muda mfupi baada ya kuzamia anaifungua chupa kabla haijatulia.

Kwa hiyo yapo maelekezo ambayo shirika la kimataifa la usalama wa wazamiaji, Divers Alert Network, limeyatoa na vituo vingi huyafuata. Aliyezamia mara moja tu, bila kulazimika kusimama njiani kwa ajili ya kutoa gesi, asiruke kabla ya saa 12. Aliyezamia mara kadhaa, au siku kadhaa mfululizo, asubiri angalau saa 18. Aliyezamia kwa namna iliyomlazimu visimamo asubiri zaidi sana ya 18. Wengi huzungusha ikawa saa 24, nasi twaona ni bora, khasa kwa mwenye mitungi ubavuni. Huyu ana hewa maradufu ya mwenzake, hivyo hukaa chini muda mrefu zaidi, na naitrojeni aliyoibeba ni nyingi zaidi. Kifaa kile kile kilichomrahisishia kwenda ndicho kinachompasa kuchelewa kurudi.

Wala si ndege peke yake. Maelekezo hayo yanahusu kupanda popote kunakozidi mita 600 hivi. Aliyezamia asubuhi Mombasa na jioni akapanda treni kwenda Nairobi atafika mji ulio mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Aliyetoka Unguja kwa boti ya mchana akaunganisha na treni ya Dodoma ataishia mita 1,100 au zaidi. Arusha, Lushoto, Iringa baada ya mlima Kitonga, kote huko ni juu. Boti, kinyume chake, haipandi popote. Anayetoka Pemba kuja Unguja au Dar es Salaam kwa chombo cha baharini hana wa kumzuia.

Simu ya msiba

Tumeyaeleza hayo kwa urefu kwa sababu ya simu moja ambayo kila familia ya Kiislamu inaijua. Inapigwa mchana: "Mwanangu, baba yako mkubwa amefariki. Tunazika kesho baada ya adhuhuri. Ipo ndege ya jioni, tumekwisha kukutilia nafasi." Kijana ametoka majini saa tatu zilizopita, mizamio miwili siku hiyo, miwili jana, miwili juzi. Akisema hawezi, ataonekana amelewa kazi ya wazungu hata hamjali aliyemlea. Akisema maji yamemzuia, nani atamwelewa?

Sisi Waislamu tunaharakisha kuzika, na ndivyo tulivyofundishwa. Haraka hiyo ni heshima kwa maiti wetu, nasi hatuna nia ya kuipunguza. Lakini haraka ya kuzika haimlazimishi kila jamaa kuwahi. Kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kutoshelezana: wakilitekeleza baadhi, wengine wote jukumu limewaondokea. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wa pwani hii huyafuata, aliye mji mwingine anaweza kumsalia maiti aliye mbali, na aliyekosa jeneza anaweza kusali kaburini baadaye. Taazia nayo ina siku tatu. Saa 18 zinaingia ndani ya siku tatu na kubaki nyingi. Dini imemwachia nafasi. Kinachombana ni macho ya watu, na macho ya watu yanaweza kufundishwa.

Anayehitaji kufundishwa kwanza ni mwenye simu. Ni mama, ni shangazi, ni kaka mkubwa anayekata tiketi. Swali lao la kwanza kwa mzamiaji aliye kazini lisiwe "utafika saa ngapi", liwe "umetoka majini lini". Jibu likiwa ni leo, wamtafutie boti, au ndege ya kesho kutwa, au wamwambie asalie huko aliko na aje kuhani. Tunawaomba na maimamu wetu walio karibu na vijiji vya wazamiaji walitaje hili walau mara moja, maana neno la shekhe kwa wafiwa lina uzito ambao kijana peke yake hana.

Na asafiri vipi aliyekwisha kuona dalili? Hasafiri kwa ndege kabisa. Maumivu ya viungo yasiyo na sababu, ganzi, mwasho wa ndani ya ngozi, kizunguzungu, udhaifu wa miguu, kushindwa kukojoa: lolote kati ya hayo likitokea baada ya kuzamia, alazwe chali, apewe oksijeni safi kwa kinyago, anyweshwe maji kama yu macho na hatapiki, na kituo kipige simu kwa daktari wa wazamiaji. Tiba yenyewe ni chumba maalumu cha mbano, ambacho si kila hospitali inacho, na msafiri aulize kilipo kabla ya kuzamia mara ya kwanza. Asirudishwe majini eti ajitibu kwa kuzama tena. Kisomo kisomwe, hakuna ubaya, lakini kisomwe njiani.

Sala, mfungo na sitara

Yapo madogo ambayo wasafiri hutuuliza. Mashua nyingi hutoka asubuhi na kurudi karibu na adhuhuri au baada yake kidogo, kwa hiyo sala haina sababu ya kupotea. Maji ya bahari ni tahara, na udhu wake ni udhu. Aliye safarini ana ruhusa ya kupunguza sala, lakini wengi husahau mpaka wake. Kwa madhehebu ya Shafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na ya kufika na ya kuondoka, huko hukamilisha sala zake. Safari ya wiki moja ya kuzamia Pemba huwa ndani ya hukumu hiyo.

Mwezi wa Ramadhani mzamiaji aliyefunga ana matatizo mawili. Hewa ya mtungini ni kavu na hukausha koo na mwili, na mwili uliokauka haufai kuzamishwa. Pia maji huingia mdomoni kwa bahati mbaya. Kwa mwenye uwezo wa kupanga, aipange kazi hiyo Shaabani au Shawwal. Asiye na uwezo wa kupanga, kwa kuwa ndiyo riziki yake, amwendee shekhe wake na hali yake halisi.

Kwa dada zetu, vazi la mpira hufunika mwili lakini hubana, na baadhi huvaa juu yake kanzu fupi ya kuogelea yenye kofia. Haizuii kazi, mradi nguo isiyofungwa vizuri isining'inie karibu na vali zilizo kwapani. Huko Nungwi wasichana walikwisha kufundishwa kuogelea wakiwa na mavazi ya kusitiri mwili mzima, na wazazi waliokuwa na shaka wakaona kwamba binti anayejua kuogelea ni binti aliyelindwa.

Siku ya mwisho

Mwenye busara huipanga siku yake ya mwisho kabla ya ya kwanza. Ndege ikiwa ni Jumamosi asubuhi, mzamio wa mwisho ni Alhamisi, basi. Ijumaa yote ni ya nchi kavu, na kwa Muislamu hilo ni jepesi, kwa sababu Ijumaa ina shughuli zake.

Asubuhi vifaa vioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kifuko cha hewa kimiminwe maji ndani na kumwagwa, mikanda na vazi vianikwe kivulini. Kofia za regyuleta zikazwe kabla ya kuloweshwa, chumvi na maji visiingie. Mitungi irudishwe kwa mwenyewe ikiwa na hewa kidogo ndani, si mitupu, ili unyevu usiingie ukaila. Kulabu zihesabiwe, deni la kituo lilipwe siku hiyo hiyo.

Baada ya sala, aliyekwenda Pemba ana pa kutembelea. Kisiwa cha Misali kiko karibu, nacho wazee wa Pemba husimulia kwamba kilipata jina lake kwa Nabii Khidhri, aliyeomba msala asipewe, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na baada yake, hifadhi ya bahari ya hapo iliwashirikisha mashekhe katika kuwaeleza wavuvi uharamu wa kuharibu matumbawe. Kule Ras Mkumbuu yamesimama magofu ya msikiti wa kale pamoja na makaburi ya nguzo. Kote huko hufikiwa kwa mashua au kwa miguu, na hakuna mwinuko wa kumdhuru mtu.

Jioni vazi liwe limekauka. Likiwa bichi huongeza kilo moja au mbili, na mizani ya ndege ndogo ya asubuhi huzihesabu.